Plastiki za Gari Zikipauka, Tusizipake Oili Chafu

Kama nyumbani kwenu kuna gari, hebu litazame vizuri asubuhi moja kabla halijaoshwa. Usitazame mwili wake uliopigwa rangi, bali zile plastiki nyeusi zilizouzunguka: bampa ya mbele na ya nyuma, kingo za juu ya magurudumu, makasha ya vioo vya pembeni, vitasa vya milango, na ile plastiki ndefu iliyo chini ya kioo cha mbele, mahali waipa zinapolala. Gari lilipotoka kiwandani zote zilikuwa nyeusi ti. Sasa huenda zimekuwa za kijivu, zina mabaka meupe, na ukipitisha kidole unabaki na unga.

Sisi akina mama tunaijua hali hiyo. Ni ile ile ya miguu ya mtoto aliyetoka kuoga akakimbilia nje bila kupakwa mafuta. Imepauka.

Mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita, gari kwa familia nyingi si la starehe. Ni la kupeleka mchele Kahama, ni teksi ya baba, ni Noah ya abiria, au ni Probox inayofanya safari za vijijini ambayo watu wa Kanda ya Ziwa wameipa jina la mchomoko. Likionekana chakavu, abiria huchagua jingine, na siku ya kuliuza mnunuzi hushusha bei. Ndiyo maana watu hutafuta njia ya haraka ya kurudisha ule weusi. Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo hili, kwa sababu njia moja ya haraka inayotumika sana huacha madhara kwenye ngozi za watoto wetu, kwenye maji yetu, na hata kwenye gari lenyewe. Njia iliyo bora haihitaji fedha nyingi. Inahitaji subira.

KWA NINI PLASTIKI HUPAUKA?

Bampa nyingi za magari ya siku hizi hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropilini, ikichanganywa na mpira ili isivunjike upesi inapogongwa. Mwaka 1954 mwanakemia wa Italia, Giulio Natta, alifanikiwa kuitengeneza plastiki hiyo kwa namna iliyoifanya iwe imara, na mwaka 1963 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Karl Ziegler. Ni plastiki ya ukoo mmoja na mabeseni, ndoo na vifuniko vya vyombo vyetu vya jikoni. Kwa hiyo linaloipata bampa umekwisha kuliona uani kwako. Beseni linaloachwa juani mwaka mzima huchujuka rangi, hukakamaa, kisha siku moja hupasuka ukilinyanyua na maji.

Mwenye kufanya kazi hiyo ni jua. Ndani ya mwanga wake mna miali tusiyoiona kwa macho, nayo hukata minyororo midogo midogo inayoshikanisha plastiki. Hewa ya oksijeni huingia pale palipokatika na kuendeleza uharibifu. Uso uliokuwa laini hujaa nyufa ndogo mno, na mwanga unapoangukia nyufa hizo hutawanyika kila upande, hivyo macho yetu huona weupe.

Viwanda hulijua jambo hilo, na kwa sababu hiyo huchanganya plastiki na kaboni nyeusi, ambayo ni masizi laini sana yaliyotengenezwa kwa makusudi. Naam, masizi, ndugu wa yale yanayoshika chini ya sufuria yako ukipikia kuni! Masizi hayo huipa plastiki weusi na pia huizuia miali isipenye ndani. Ndiyo sababu matangi mengi ya maji na mabomba ya plastiki yanayowekwa nje huwa meusi. Lakini kinga hiyo ina kikomo. Uso wa juu ukishaliwa, masizi hubaki chini ya tabaka la unga mweupe.

Huku kwetu jua lina nguvu zaidi. Mji wa Shinyanga uko karibu nyuzi 4 tu kusini mwa Ikweta, na uko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na miezi ya kiangazi hupita bila wingu la maana. Juu ya hayo kuna vumbi. Gari linalokwenda Nyarugusu au Rwamagasa, huko Geita, hurudi na vumbi la barabarani pamoja na vumbi la mawe yaliyosagwa kwenye makarasha. Mawe yenye dhahabu mara nyingi huwa na chembe ngumu kuliko plastiki. Anayelifuta gari la namna hiyo kwa kitambaa kikavu ni kama anayelipiga msasa.

MNG'AO WA SIKU TATU

Sasa tuje kwenye ile njia ya haraka. Unapeleka gari kuoshwa, na kijana akimaliza anakuuliza, "Mama, tuipake na bampa?" Nawe unajibu, "Pakeni tu, wanangu." Anachovya sponji katika kopo, anapaka, na kwa dakika chache bampa inakuwa nyeusi kama ya gari jipya. Ni nini kilichomo katika kopo?

Kwa baadhi ya waoshaji ni polishi halali ya dukani. Kwa baadhi ni oili chafu, yaani mafuta yaliyomwagwa kutoka kwenye injini gereji, yakalainishwa kwa petroli, dizeli au mafuta ya taa. Haigharimu karibu kitu, na inang'aa kweli. Inang'aa kwa sababu ile ile ambayo mafuta hung'arisha miguu ya mtoto: huzijaza nyufa, na mwanga hauna tena mahali pa kutawanyikia. Lakini hayaponyi chochote. Baada ya siku tatu za jua na vumbi, mafuta yamekauka mengine na kushika vumbi mengine, na bampa ina mabaka mabaya kuliko mwanzo. Mwenye gari anarudi kupakwa tena.

Kinachotuhuzunisha zaidi ni mikono ya yule kijana. Mafuta yanapochemka ndani ya injini kwa maelfu ya kilometa hukusanya kemikali za moshi pamoja na chembe za madini. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, umeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vizuri katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Benzini, ambayo imo ndani ya petroli, nayo imo katika kundi hilo hilo.

Jambo hili lina historia inayotugusa sisi wa nchi ya pamba. Katika viwanda vya kusokota pamba vya Lancashire, Uingereza, wafanyakazi waliegemea mashine ambazo mafuta yake yaliwarukia na kulowesha suruali zao siku nzima, mwaka hadi mwaka. Wengi wao walipata saratani ya ngozi sehemu za siri, pale nguo iliyolowa ilipogusa mwili. Katika miaka ya 1920 madaktari wa Manchester walieleza wazi uhusiano huo. Watu hao hawakuyanywa mafuta. Yaliwagusa tu, kila siku. Kijana anayechovya mkono mtupu katika kopo la oili chafu tangu asubuhi hadi jioni, kisha akajifuta kwenye suruali yake, yumo katika njia ile ile. Naye ni mtoto wa mama fulani, pengine mama wa jirani.

Tena mafuta hayo hayabaki kwenye bampa. Mtoto huegemea gari akiwa na shati jeupe la shule. Wewe unapita na kanga yako. Mvua inayaosha hadi kwenye mtaro. Mamlaka ya mazingira ya Marekani huwaambia wananchi wake kwamba oili inayotolewa katika gari moja kwa mara moja tu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Sisi ambao kwa miaka mingi tulichota maji ya malambo, kabla mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Kahama na Shinyanga haujazinduliwa mwaka 2009, tunajua thamani ya ndoo moja ya maji safi. Je, tuyachafue kwa ajili ya weusi wa siku tatu?

Hata gari lenyewe hudhurika. Raba za milango na madirisha zikinywa mafuta ya injini huvimba na kulegea, kisha maji na vumbi huanza kuingia ndani. Wengine hutumia mafuta ya breki, nayo yakidondokea sehemu yenye rangi huila rangi hiyo hadi kwenye bati.

CHUPA YA SODA SI MAHALI PA SUMU

Hapa tunaomba kila mama asome mara mbili. Dawa za gari, petroli, tina na mafuta ya taa mara nyingi huletwa nyumbani ndani ya chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ile huwa na kitu kitamu. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki, mafuta ya taa ni miongoni mwa sumu zinazonywewa sana na watoto wadogo, na chupa ya namna hiyo ndiyo inayowadanganya.

Mtoto akinywa petroli, mafuta ya taa au dawa iliyochanganywa navyo, usimtapishe. Usimtie kidole kooni, wala usimnyweshe maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Hatari kubwa ya vitu hivi ni kuingia katika mapafu, na kutapika huvipa nafasi ya pili ya kuingia huko. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mkimbize hospitali ukiwa umebeba ile chupa ili mganga aione. Mpeleke hata kama anaonekana mzima. Kukohoa na kuhema kwa shida kunaweza kuanza baada ya saa kadhaa.

Basi dawa za gari zibaki katika makopo yake yenye maandishi, juu kabisa, mahali panapofungwa. Kazi ya kupaka isifanyike karibu na jiko la mkaa, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hutambaa chini hadi ukutane na moto. Na beseni lililotumika kwa kazi ya gari lisirudi jikoni kamwe. Akina mama wanaoishi karibu na mialo ya kuoshea dhahabu wamekwisha kufundishwa kwamba chombo kilichoshika zebaki hakipikiwi wala hakioshewi mboga. Kanuni ni ile ile. Na gari linalotoka kwenye mialo liondolewe tope kabla ya kuingia uani, kwa sababu tope hilo laweza kuwa na zebaki, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni.

HATUA ZA KURUDISHA WEUSI

Njia tunayoieleza hapa mama anaweza kuifanya mwenyewe asubuhi moja ya Jumamosi, au kuisimamia ikifanywa na vijana. Utahitaji ndoo mbili za maji, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, brashi laini, mswaki wa zamani, vitambaa viwili vyeupe vya pamba, sponji ndogo, glavu za mpira, spiriti kidogo, na dawa ya plastiki ambayo tutaieleza.

1. Tafuta kivuli. Fanya kazi mapema, plastiki ikiwa ya baridi. Juani sabuni hukauka na kuacha madoa kabla hujaisuuza.

2. Maji kwanza, kitambaa baadaye. Mwagia maji mengi ili vumbi literemke lenyewe. Usisugue mpaka chembe za mchanga zimeondoka.

3. Sugua kwa sabuni. Plastiki nyingi za bampa zina vijishimo vidogo kama ngozi ya chungwa, na humo ndimo uchafu wa miaka hujificha. Brashi hufanya kazi ambayo kitambaa hakiwezi, na mswaki huingia kwenye kona. Suuza kwa ile ndoo ya pili.

4. Toa mafuta ya zamani. Vaa glavu, lowesha kitambaa cheupe kwa spiriti kidogo, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kisha futa sehemu kwa sehemu. Kitambaa kitatoka cheusi au cha kijivu. Rudia mpaka kitoke karibu kama kilivyoingia. Hatua hii huwachosha wengi wakairuka, na ndiyo hasa inayoamua kama dawa itashika. Hakuna dawa inayoshika juu ya mafuta, kama vile plasta isivyoshika kwenye ngozi yenye mafuta.

5. Pima kwa maji. Nyunyiza maji safi juu ya plastiki. Yakijikusanya kama matone juu ya jani la myugwa, bado kuna mafuta, na inakupasa urudi nyuma. Yakitandaa, tazama rangi. Kama plastiki iliyolowa imekuwa nyeusi sawasawa, ugonjwa uko juu tu na dawa itasaidia. Kama hata ikiwa imelowa ina mabaka meupe na nyufa zinazoonekana kwa macho, imeliwa sana, na usitupe fedha yako kwenye polishi.

6. Acha ikauke kabisa. Saa moja au mbili, hasa kwenye vile vijishimo na maungio.

7. Paka kidogo. Tia dawa kwenye sponji, si kwenye gari. Paka sehemu ndogo, sambaza, subiri kama maandishi ya kopo yanavyoagiza, kisha futa yote yaliyozidi kwa kitambaa kikavu. Mara mbili nyembamba ni bora kuliko mara moja nzito. Kinachobaki kikinata kitaokota vumbi lote la barabara ya kwanza utakayopita.

8. Lipumzishe gari. Ikiwezekana lilale bila kutoka mpaka kesho yake.

Onyo moja: dawa hizi huteleza. Zisipakwe kamwe kwenye pedeli, kwenye usukani, wala kwenye sehemu ya tairi inayogusa barabara.

DAWA GANI?

Tafuta dawa iliyoandikwa kuwa ni ya plastiki za nje, na ikiwezekana iliyotengenezwa kwa maji badala ya mafuta yenye harufu kali. Ya kawaida hudumu majuma machache katika jua letu. Ziko pia za bei kubwa zinazoganda na kuwa utando mgumu juu ya plastiki, nazo hudumu miezi mingi. Hizo hufaa ikiwa tu hatua ya nne imefanywa kwa uaminifu.

Je, vitu vya nyumbani? Mafuta ya mgando ya kujipaka hayana hatari kama oili chafu, nayo hung'arisha kwa siku chache, ila hushika vumbi. Mafuta ya kula huchacha na kunata. Rangi ya viatu huhamia kwenye nguo. Mafuta ya kitani, yale ya mafundi seremala, hukauka na kuwa utando, hivyo hudumu zaidi yakipakwa membamba sana. Lakini yana hatari moja ambayo wengi hawaijui. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo kikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke kikiwa wazi, au kiloweke kwenye maji.

Wapo mafundi wanaopitisha moto au hewa ya joto kali juu ya plastiki. Weusi hurudi mara moja, kwa sababu uso huyeyuka kidogo na zile nyufa huzibika. Lakini plastiki haijaongezewa kinga yoyote, na jua litazirudisha nyufa hizo. Moto ukizidi, bampa hupinda, na huwezi kuinyoosha. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Plastiki iliyoliwa sana tiba yake ni rangi au kuibadilisha. Ukipeleka kwa fundi rangi, muulize swali moja: "Fundi, utatanguliza dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki?" Polipropilini haipendi kushikana na kitu. Ndiyo maana hata gundi hushindwa kuunga kifuniko cha ndoo kilichovunjika. Rangi ikipigwa juu yake bila dawa hiyo ya kutangulia, itabanduka kama magamba ya samaki.

UKIENDA KUNUNUA GARI

Maarifa haya yanakufaa pia siku mnapotaka kununua gari. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na muuzaji mjanja hupaka plastiki zote asubuhi ile mnapokwenda kulitazama. Beba kitambaa cheupe mkobani. Futa bampa. Kikitoka na mafuta mengi, ujue rangi unayoiona ni ya leo. Fungua mlango na utazame plastiki iliyofichwa na raba, ambayo jua halikuifikia. Hapo utaona weusi wake wa kweli na kuupima na wa nje. Kama bampa ya nyuma ni nyeusi sana na ya mbele imepauka, au upande mmoja haufanani na mwingine, uliza kwa upole kama gari liligongwa likabadilishwa kipande. Kupauka peke yake si ugonjwa wa injini, na gari lililopauka laweza kuwa zima kabisa. Lakini baba watoto akiwa amevutwa na mng'ao, kitambaa chako chaweza kuokoa akiba ya miaka.

KINGA NI KIVULI

Tumesema mengi kuhusu tiba, lakini kinga ni bora kuliko tiba, na Shinyanga ina somo lake yenyewe juu ya jambo hili. Zamani miti ilifyekwa kwa wingi mkoani humo ili kuwaondoa mbung'o, kisha mingine ikakatwa kwa mashamba na kuni, mpaka nchi ikabaki wazi mbele ya jua. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Watu wakahimizwa kurudia desturi ya Kisukuma ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho na kuliacha lipumzike ili nyasi na miti virudi vyenyewe. Maelfu ya hekta yalirudi kuwa na kivuli. Hakuna aliyeipaka ardhi ile rangi ya kijani. Waliondoa kilichokuwa kikiiharibu, wakaipa muda.

Gari nalo hutaka hivyo hivyo. Likikaa kivulini mchana, plastiki zake zitaishi miaka mingi zaidi kuliko za gari linalopakwa kila juma na kuachwa juani. Panda mti uani mahali gari linapolala. Kama ni mwembe, usiegeshe chini ya matawi yenye matunda! Kwa sasa hata kibanda cha miti na makuti au makenge ya nyasi kinatosha. Kama hamna kivuli, geuzeni gari mara kwa mara, leo mbele itazame mashariki, kesho magharibi, ili upande mmoja usiumie peke yake. Lioshe kwa maji na sabuni laini, na ukipiga polishi sehemu zenye rangi, futa upesi ile inayogusa plastiki, maana ikikauka hapo huacha alama nyeupe ngumu kutoka.

Na vipi wale vijana wa kuosha magari? Hatusemi tuwanyime riziki. Tunashauri mama ununue chupa yako ya dawa ya plastiki, uiweke garini, na ukifika uwaambie, "Wanangu, leo tumieni hii yangu, na glavu hizi hapa. Nitawalipa kwa kazi ya kusafisha." Kijana anayelipwa kwa kusugua vizuri hatahitaji kudanganya kwa oili. Wateja watano wakifanya hivyo katika sehemu moja, mwenye sehemu hiyo ataanza kununua dawa halali mwenyewe. Na ile oili chafu ibaki gereji katika mapipa yake, ichukuliwe na wanaojua kuishughulikia.

Bampa nyeusi haitamfikisha mtu hospitali usiku, wala haitampeleka mtoto shuleni. Injini na breki ndizo zinazofanya hayo, nazo zitangulie katika bajeti ya nyumba. Lakini kitu kilichonunuliwa kwa jasho chastahili kutunzwa, na kitunzwe kwa njia isiyomwacha mtoto wa mwenzetu na sumu mikononi. Mama, Jumamosi ijayo anza na ile hatua ya nne. Ukikiona kitambaa kilivyotoka cheusi, utajua ni kiasi gani cha oili mlichokuwa mkikibeba.